Kuitika Bila Kuitwa

Jumatatu, tarehe 6 Februari 2023, saa nne asubuhi, dada yangu alifariki nyumbani kwake hapa Gitega. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Jioni niliporudi kwangu nilikuta ngoma zetu mbili zimetundikwa ukutani juu ya cherehani, kama tulivyoziacha wiki tatu nyuma. Nilizitazama nikajua nimepoteza vitu viwili. Nimempoteza dada, na nimempoteza mtu wa kuniita.

Hilo la pili lazima nilieleze, maana asiyetujua atadhani nasema kwa mafumbo. Sisi tulikuwa wapigaji wa ngoma za viganja, ngoma za harusi za wanawake. Hapa Gitega ukitaja ngoma watu hufikiria zile kubwa za wanaume, zinazopigwa kwa fimbo na kubebwa kichwani. Zile sisi hatuzigusi. Zetu ni ndogo, unazipakata. Ziko mbili. Nyembamba yenye sauti kali ni chapuo, na nene yenye sauti ya chini ni vumi. Chapuo huita, vumi huitika. Dada alikuwa na chapuo. Mimi tangu nina miaka kumi na minne nilikuwa na vumi. Kwa hiyo kwa karibu miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kumsikiliza dada, na akishaita, kuitika. Sikuanza mimi hata siku moja.

Sisemi kwamba niliridhika. Nilimwonea wivu. Aliyekuwa na chapuo ndiye watu waliyemtazama, ndiye waliyemtunza kanga na manukato, na mimi nilikuwa yule wa pembeni. Tena alikuwa mkali. Aliponifundisha alikaa na mwiko, na nikikosea alinigonga nao kwenye vifundo vya vidole.

"We, unapiga kama mutu anafukuza kuku," alikuwa akisema. "Ngoma iko mapajani yako, haikimbie. Ya nini kuirukia?"

Maneno hayo yalinichukiza miaka yote. Sasa ndiyo ninayomwambia kila anayetaka kujifunza, na mwiko tu ndio niliouacha.

Nimesoma hadi darasa la sita, na Kurani nilisoma chuoni kama watoto wote wa mtaa wetu. Siwezi kueleza ngoma kama mtu aliyesomea muziki. Naweza kusema ninachofanya. Kwanza vua pete, kata kucha. Kaa kwenye kigoda kifupi, ibane ngoma kwa magoti na uilaze kidogo ielekee mbele, chini pawe wazi, kwa sababu sauti hutokea chini na ukiziba unabaki kupiga ubao. Ukipiga katikati ya ngozi kwa kiganja kizima unapata "du". Ukipiga ukingoni kwa vidole unapata "ta". Ukipiga na mkono ukabaki palepale, ngozi inakabwa, unapata "ki". Ni hizo tatu tu. Kila ngoma ya harusi niliyowahi kupiga imetengenezwa kwa hizo tatu na kimya kilicho katikati yake.

Dada hakuniruhusu kugusa ngozi kabla sijaweza kuitamka ngoma yote kwa mdomo. Nilikuwa nachambua mchele huku nasema du-du-ta, ki, du-ta, na mama akipita ananiuliza kama nina homa. Ilichukua mwezi mzima. Siku nilipopewa vumi mikono ilijua pa kwenda. Ndiyo maana hata leo mtu akija kwangu anataka kupiga siku ya kwanza, nampa mchele.

Mkono wa kushoto ni mvivu, na dawa yake ni kuupa kazi peke yake. Mimi niliupa karai. Mkono wa kulia ukikoroga mboga, wa kushoto unapiga karai lililofunikwa, mpaka majirani wanalalamika. Na mtu asikuambie kwamba ngoma ni lazima iumize. Wiki ya kwanza viganja huvimba kidogo, utaviweka katika maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukiona damu, ujue unapiga vibaya. Wako wanaojisifu kwa damu. Nimewaona, na wengi wao hawakudumu mwaka.

Ngozi nayo ina tabia zake. Zetu ni za mbuzi jike, nyembamba. Mvua zikinyesha hapa kwetu milimani, ngozi hulegea na ngoma husema kama mtu mwenye mafua. Unawasha majani makavu ya mgomba, unaipitisha juu ya mwali, unaipitisha tena, unaigonga kwa kidole mpaka ijibu. Usiiweke juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Moto wa makaa hauonekani, na ngozi inapoanza kukunjamana umeshachelewa. Kiangazi ni kinyume, ngozi hukaza mpaka inalia, na hapo unaifunga kwa kitambaa kibichi usiku mmoja. Haya ya mbabula nayajua kwa sababu niliwahi kuipasua ngozi ya chapuo la dada kwa uvivu, asubuhi ya harusi moja, na nikasema ni panya. Dada aliwatukana panya wale wiki nzima. Alikufa bila mimi kumwambia. Labda alijua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sisi watu wa mtaa wetu, binti akiolewa, siku ya kupelekwa kwa mume wanawake wa upande wake humsindikiza na ngoma. Mkifika mnaukuta mlango umefungwa. Ndani wamekaa shangazi za bwana harusi na ngoma zao. Hakuna anayesema neno, hakuna wimbo, hakuna vigelegele. Mpigaji wa upande wa binti anaita kwa chapuo. Mwenzake anaitika kwa vumi, na wa ndani wanaitika pia. Mara tatu. Mara ya tatu mlango unafunguliwa. Hiyo tunaiita hodi. Kama aliyekuja hajui kuita, wa ndani huweza kukaa kimya wakawaacha juani, na hilo halisahauliki. Binti anaweza kutaniwa na wifi zake mpaka azeeke: huyu aliingia bila hodi.

Dada aliwapigia hodi mabinti wa mtaa mzima. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo alikuwa amechumbiwa na kijana wa Muyinga wakati mama yake anafariki. Harusi ikasogezwa. Tulipomaliza arobaini, alikuja kukaa nami penye cherehani.

"Mama mudogo," akaniambia, "kule Muyinga shangazi zake wanapiga sana. Mi sitaki kuingia kwa watu na muziki ya kwenye bafle."

"Hautaingia na bafle."

"Mama aliwapigia watoto ya watu wote. Mi ndo nitaingia kimya?"

"Hautaingia kimya," nikasema. "Mi nitaita."

Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa analia. Baadaye nilikaa nikajiuliza nimeahidi nini. Wako waliosema tumtafute mwanamke mmoja wa Bujumbura anayejua chapuo. Nilikataa. Nilisema ni kwa heshima ya marehemu, lakini ukweli ni kwamba sikutaka mgeni ashike chapuo lile, na pia, baada ya miaka yote ile, nilitaka kulishika mimi.

Nikakaa mwaka mzima bila kuligusa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata aliingia kwangu mwanamke wa Itaba. Alikuja na vitambaa vya sare ya kwaya ya kanisa lao, wanawake kumi na wawili. Alikuwa kama wa miaka arobaini, mkulima wa maharage na mihogo. Alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, akarudi na watoto wake, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kule, kimenyooka. Alinipa shikamoo, nikampa marahaba. Nikawa nampima yeye wa kwanza, futi shingoni mwake, akainua macho ukutani.

"Samahani, mama. Zile ngoma zinapigwa, au ni pambo?"

Nilitaka kusema zinapigwa. "Ni pambo," nikasema. Ndio ulikuwa ukweli.

"Kule kambini tulikuwa tunapiga dumu la maji. Kwaya nzima, dumu moja. Naomba nijaribu ile nene."

Nikamshushia vumi, na mpaka leo sijui kwa nini. Akalibana vizuri kwa magoti, nikasema moyoni huyu anajua. Kisha akainua mkono kutoka begani akashusha. Vumbi la mwaka mzima likaruka kwenye ngozi likatuingia puani.

"Ewe Mutanzania!" nikapiga kelele. "Mi nilikupa ngoma, sikukupa majani ya isombe utwange!"

Alicheka mpaka akaliweka vumi chini. Mimi nami nikacheka, na nikakumbuka kwamba sijacheka hivyo tangu tulipozika.

"Basi nifundishe, mama," akasema huku anafuta macho.

"Mi si mwalimu. Mi naitikaga tu."

"Basi nifundishe kuitika."

Kwa hiyo nilimpa mchele. Alikuwa akija Gitega siku za Jumanne na Jumamosi kuuza maharage, na akimaliza sokoni anapitia kwangu. Anachambua mchele na kutamka ngoma, mimi nashona sare za kwaya yake. Alishika haraka, kwa kuwa waimbaji wana masikio. Mkono ndio uliokuwa mgumu. Mtu aliyezoea jembe na dumu anadhani sauti inatoka begani. Nilimwekea leso chini ya kwapa, nikamwambia piga na leso isianguke. Siku ya kwanza ilianguka kila alipopiga. Alikuwa anaiokota, anairudisha, anasema "haya", inaanguka. Mwezi wa tatu ilikaa.

Nilipokuwa namfundisha kuitika nilijikuta nasema mambo ambayo sikujua kwamba nayajua. Kwa mfano, anayeitika hafuati mara moja. Mwenye kuita akimaliza, mwache amalize kweli. Kuna pumzi moja hapo katikati. Ukiitika kabla ya pumzi hiyo, hukusikia, ulikuwa unangoja zamu yako tu. Ukiitika baada yake umechelewa, na aliyeita anabaki peke yake. Nilimwambia hivyo, kisha nikauweka mkasi chini. Yeye akaendelea na mchele.

Mwezi wa nne ndipo nilipolishusha chapuo. Mwito wa dada niliujua wote kwa masikio, kuanzia ile "ta" ya kwanza hadi ule mkabo wa mwisho. Nilidhani itatosha. Mikono haikujua kitu. Ilikuwa kama kujua njia ya nyumba fulani kwa kuelezwa tu, hujawahi kuikanyaga. Nilianza na mdomo kama mwanafunzi. Nilipata aibu kidogo mbele ya mwanamke wa Itaba, lakini yeye akaniwekea leso kwapani bila kuombwa, na hapo aibu ikaisha.

Kila tulipokuwa tayari alikuwa anasema, "Haya, mama." Ndipo naita, naye anaitika. Ilikuwa adabu yake tu. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa naita vizuri. Si kama dada, lakini vizuri. Jirani mmoja alipita dirishani akasimama, akasema, "Yoo, nimedhani ni marehemu," akaondoka anajifuta kwa kanga. Nilifurahi kuliko inavyofaa.

Nikamwambia mwanamke wa Itaba kwamba nataka aje Muyinga, apige vumi.

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa. Watanipokea?"

"Ni harusi, haiko ibada. Vaa kitenge kirefu, ufunike kichwa. Kazi yako ni moja tu. Ukisikia chapuo, uitike."

"Hilo naliweza."

Harusi ilikuwa kiangazi, mwezi wa nane. Wiki ile mafuta ya gari hayakupatikana, na dereva wetu alipanga foleni siku mbili. Tulipaswa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa mbili. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na bibi harusi. Njia yote kupitia Karuzi niliziweka ngoma magotini, zimefungwa kwa vitambaa vibichi, kila kitambaa kikikauka nakilowesha kwa chupa. Vumbi lilikuwa jekundu hadi kwenye kope. Shangazi mmoja wa Gitega alikuwa anasimulia hodi za marehemu, moja baada ya nyingine, na kila akimaliza ananigeukia: "Leo ni zamu yako, e?" Alikuwa anataka kunipa moyo. Natamani angelala.

Muyinga tulifika karibu saa sita. Nyumba ya wakwe ilikuwa mtaa wa chini ya msikiti, mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, na umefungwa. Uani watu walikuwa wamejaa, simu juu. Nilizifungua ngoma, nikazigonga kwa kidole. Ngozi zilikuwa nzuri, labda nzuri kuliko siku nyingi. Hilo nalisema kwa sababu sitaki kuzisingizia. Nikasimama mbele ya mlango na chapuo. Mwanamke wa Itaba alisimama kulia kwangu na vumi. Nyuma yetu binti wa dada, amefunikwa, kati ya shangazi wawili. Watu wakanyamaza.

Nami nikangoja.

Nikiulizwa leo nilikuwa nangoja nini, jibu ni moja. Nilikuwa nangoja dada aite. Sikuwa nimesahau kwamba amekufa. Kichwa kilijua, ila mwili wangu ulikuwa umesimama mahali uliposimama miaka yote, mbele ya mlango uliofungwa, na ulikuwa unangoja kama ulivyozoea. Niligeuka kushoto, upande aliosimamaga. Kulikuwa na msichana mwenye simu ananipiga picha.

Kisha mkono ukapiga. Haukuita. Uliitika. Lilitoka jibu la vumi, lote, kwenye ngozi ya chapuo, sauti nyembamba inayojibu kitu ambacho hakuna aliyekisema.

Mkono ulipomaliza nikasikia uani kote kumenyamaza kwa namna nyingine. Nyuma yangu shangazi yule wa garini akasema taratibu, "Yoo, ameharibu." Ndani kimya. Nilijua ninachopaswa kufanya: kuanza upya, kuita. Nilijaribu kuinua mkono. Mwito wa dada, niliousema kwa mdomo miezi minne, haukuwepo kichwani. Palikuwa patupu kabisa. Niliwaza kwamba nimemwahidi mtoto hataingia kimya, na sasa ataingia kwa kitu kibaya kuliko kimya.

Ndani mtu akacheka. Halafu ndani, nyuma ya mlango ule wa buluu, chapuo likaita.

Haukuwa mwito wetu. Ulikuwa wa Muyinga, mrefu kidogo, na mwisho wake unachechemea. Lakini ulikuwa mwito, na ulikuwa unatuita sisi tuliosimama nje. Mimi nilibaki nimeduwaa. Sijawahi kuona hodi ikipigwa kutoka ndani. Mwanamke wa Itaba hakujua kwamba haijawahi. Yeye alijua jambo moja tu nililomfundisha: ukisikia chapuo, uitike. Akangoja pumzi moja. Akaitika. Mkono kutoka kwenye kifundo, bega limetulia, sauti ya chini iliyojaa hadi ukutani.

Wa ndani wakaita tena. Safari hii niliitika naye, kwa chapuo langu, katikati ya ngozi ili sauti iwe nzito kadiri inavyoweza. Mara ya tatu tuliitika wote wawili na nikasikia nyuma yangu viganja vya wanawake wa Gitega vinapiga makofi ya jibu letu. Mlango ukafunguliwa.

Aliyefungua alikuwa shangazi mkubwa wa bwana harusi, mwanamke mnene, chapuo kwapani, jasho usoni.

"Watu ya Gitega!" akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Munaitika kabla ya kuitwa? Ni heshima ao ni njaa ya pilau?"

Watu wakacheka. Ningeweza kusema ni heshima. Nilifungua mdomo nikasema, "Nimekosea, dada."

Akanitazama. Nadhani hakutegemea jibu hilo.

"Bon," akasema. "Basi tumewaita sisi. Ingieni, mutoto wetu anachoka na jua."

Vigelegele vikapigwa, na binti wa dada akapita katikati yetu akaingia.

Najua kwamba tangu siku ile jambo hili linasimuliwa vingine. Wapo wanaosema tulipanga, kwamba upande wa Gitega, kwa sababu ya msiba, uliwaachia wakwe wamwite binti wenyewe. Wanasema ilikuwa ustaarabu mkubwa. Yule shangazi wa garini naye alinuna hadi jioni, akisema tumeitwa kama kuku. Kila aliyeniuliza nilimwambia ukweli, na wengi hawakuutaka. Walipenda zaidi ule wa ustaarabu.

Nilimuuliza mwanamke wa Itaba tulipokaa chini, "Kwa nini leo hukuniambia haya?"

"Haya gani?"

"Kule kwangu unasemaga 'Haya, mama' kwanza, ndipo naita."

"Mama, pale palikuwa na watu wazima wamesimama. Mimi mgeni, tena si wa dini yenu. Ningekuambiaje haya?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hata miezi ile ya mazoezi sikuwa naita. Nilikuwa namwitika yeye. Yeyote atakayetaka kujifunza kuita ajue hivyo: fanya mazoezi peke yako, chumba kitupu, pasiwe na mtu wa kukuambia anza. Mimi sikufanya. Niliogopa chumba kitupu, na huo ndio ukweli wote.

Baadaye kidogo waliniita katika chumba alichokaa bibi harusi. Alikuwa amefunuliwa uso, hina mpya mikononi, wifi zake wawili wanamrekebisha mkufu. Walitupisha. Nilitaka kumwomba radhi, nikawa natafuta pa kuanzia. Yeye akatangulia.

"Mama mudogo, pale mlangoni uligeuka. Ulikuwa unamungojea mama?"

"Ndiyo."

"Na mi," akasema.

Akanishika mkono akaugeuza, akatazama kiganja kilivyokuwa chekundu, akakipuliza kama mtu anavyompuliza mtoto aliyeungua. Kisha wifi zake wakarudi na tukaachana.

Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa duara juu ya mikeka. Yule shangazi mnene alipigapiga mkeka ulio karibu naye, kunikaribisha. Nilipokaa alilichukua chapuo langu, akaligeuza, akaitazama ngozi na vigingi, akapiga "ta" moja ukingoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imetunzwa," akasema. "We unaitaga ao unaitikaga?"

"Naitikaga."

"Na uyu mwenzako?"

"Na yeye."

"Basi mi nitaita."

Akamwambia mtu alete vumi lao. Lilikuwa kubwa kuliko letu, na ngozi yake ilikuwa imelegea kidogo, nikaisugua kwa kiganja mpaka ikapata joto. Mwanamke wa Itaba alikuwa upande wa pili na la kwetu. Shangazi akaita kwa chapuo la dada, mwito wake ule wa kuchechemea. Nikangoja pumzi moja. Tukaitika.

Tulipiga hivyo muda mrefu. Miito mingine sikuijua na sikuhitaji kuijua. Wanawake wakaanza kuimba, mmoja akasimama kucheza, wa pili akamfuata, na mara moja nilimwona mwanamke wa Itaba amefumba macho, midomo inasema du-du-ta kimyakimya. Msikiti ulipoadhini alasiri tukasimamisha. Tukazifunika ngoma kwa kanga, sisi tukaenda kutawadha, na yeye akabaki kuzilinda, sahani ya pilau magotini.